Sunny kwa Kiswahili, jioni za Nakivale

Nilikuwa na nakala moja ya kitabu cha Kiingereza, na vijana 24 waliotaka kukisikia.

Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, upande wa Rubondo tunakokaa Wakongomani wengi, Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Mbembe, Mfuliiru, Mshi na Mrundi wakiketi pamoja, ndiyo lugha yao. Kiingereza vijana wanakikuta shuleni Uganda, wengine wameshasoma miaka kadhaa kwa Kifaransa, na kitabu kinene cha hadithi kinawashinda ukurasa wa pili. Dada yangu aliponitumia kutoka Kampala Akata Witch cha Nnedi Okorafor, nilikisoma usiku mbili, na usiku wa tatu sikulala kwa kuwafikiria wao.

Ni cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitatu, kilitoka mwaka 2011. Sunny ni msichana wa miaka 12, amezaliwa New York na wazazi Wanigeria, sasa anaishi Aba. Ana ualbino. Anapenda mpira kuliko chochote, lakini jua linamzuia kucheza mchana. Siku moja anatazama mwale wa mshumaa na kuona mwisho wa dunia. Baadaye anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, watu wenye nguvu za siri, na anaanza kufundishwa pamoja na Orlu, Chichi na Sasha, aliyeletwa kutoka Chicago kwa utundu wake. Masomo yao hayana kengele wala sare. Wanaenda kwa mwalimu wao usiku, wanapewa vitabu, wanatumwa kazi za hatari.

Niliamua kuwatafsiria kwa kuandika, maana kutafsiri papo kwa papo nilijaribu jioni ya kwanza nikakwama kila sentensi. Nilinunua madaftari ya kurasa 96, nikawa naandika alfajiri kabla ya kwenda shambani. Kurasa nne za kitabu zilinichukua saa mbili.

Neno lililonitesa kuliko yote ni lile lililo kwenye jalada, Witch. Ukisema uchawi kwetu, unamsema mtu anayetoka usiku kumdhuru jirani. Hapo hakuna mzazi atakayemleta mtoto. Mazingaombwe ni ya mtu wa sokoni anayetoa njiwa kwenye kofia. Miujiza ni ya kanisani. Juju, ambalo mwandishi mwenyewe analitumia, hapa Uganda linamaanisha kitu kilichofukiwa kwenye goli ili timu fulani ishindwe. Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Mwishowe nikarudi kwenye tofauti ambayo bibi yangu kule Uvira aliijua bila kufundishwa na mtu: mchawi na mganga ni maadui. Katika kitabu yumo mtu mbaya, Black Hat Otokoto, anayewateka watoto. Basi anachofanya yeye nikakiita uchawi, na wanachojifunza Sunny na wenzake nikakiita uganga. Kitabu chote kikanyooka.

Kuna na neno la wale wasio na nguvu. Kitabu kinawaita Lambs, wanakondoo. Nusu ya wasikilizaji wangu wanaimba kwaya, na Mwanakondoo kwao ni Yesu. Niliandika Kondoo tu, na hata hivyo nikaeleza mapema ili mtu asikwazike. Jina la kitabu nalo sikulitafsiri kutoka jalada langu. Nilitumia lile walilolitumia Nigeria, What Sunny Saw in the Flames, nikaandika Alichokiona Sunny Katika Mwale. "Motoni" sikuthubutu, maana motoni ni jehanamu.

Mama mmoja alikuja hata hivyo. Mwanawe alikuwa ameona neno Witch akamweleza maana yake.

"Mwalimu, nimekuletea mtoto asome, wewe unamfundisha kuroga?"

Sikubishana naye. Nilimwomba, "Mama, kaa utusikilize leo." Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono kifuani. Akaja kesho yake, na keshokutwa. Jioni ya nne, tukiwa bado hatujaanza, nilimsikia akimweleza mwenzake: "Yule wa kofia nyeusi ndiye mchawi. Hawa wengine ni watoto wanaosoma."

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Jioni ya pili, nilipomtambulisha Sunny, nilisema "zeruzeru", kwa sababu ndilo neno nililokua nalo. Baada ya kusoma, kijana mmoja alinisubiri. Alisema dada yake ana ualbino, alikuwa anataka kuja, lakini kwa neno lile hatamleta. Niliumia sana. Nilimwomba radhi, nikalifuta neno lile daftari zima kwa kalamu nyekundu. Nikabadilisha na saa. Tulikuwa tukianza saa kumi, jua likiwa kali bado. Tukahamia saa kumi na mbili na nusu, tukisoma kwa taa ya sola. Dada yake alikuja wiki iliyofuata, na kofia pana, akaketi nyuma karibu na kaka yake.

Nilikuwa nimefika mahali panapoeleza kwamba kile ambacho watu huita kasoro ndicho mlango wa nguvu za Mtu wa Chui. Orlu, ambaye herufi zinamchanganya, anaweza kuvunja kazi ya mganga mwingine. Sunny anaweza kutoweka machoni pa watu. Sikumtazama yule msichana nilipokuwa nasoma. Nilisikia tu kaka yake akisema polepole, "Soma tena hapo, mwalimu." Nikasoma tena.

Jambo lililowashangaza wote ni pesa za Watu wa Chui, chittim. Hazitafutwi kazini, zinakudondokea miguuni unapojifunza kitu. Za shaba ndizo zenye thamani kuliko zote, za dhahabu ni za mwisho. Niliposoma hilo palizuka kelele. Mvulana mmoja wa Kamituga, mji wa migodi ya dhahabu kule Kongo, ambaye huwa hasemi, aliinuka.

"Dhahabu ya mwisho?"

"Ya mwisho."

"Basi huko hakuna mtu angetufukuza."

Nilifunga daftari mapema jioni hiyo.

Sasa tuko kwenye cha pili, Akata Warrior, cha mwaka 2017, daftari la saba. Kuandika kunanichosha mkono, lakini sisomi tena peke yangu. Chittim zetu ni vipande vya waya wa shaba kutoka kwenye chaja zilizoharibika, na anayepata tatu anapewa sura nzima ya kusoma. Maneno ya Sunny yanasomwa na yule msichana wa kofia. Ameniomba kabla hatujaendelea mbele turudie ile sura ya kitabu cha kwanza ambapo Sunny anacheza mpira kwenye tamasha la Zuma Rock, msichana pekee uwanjani. Ni Ijumaa hii. Atasoma yeye yote, na ameniambia nisimsaidie.