Mtandio wa Mukhina kwa simiti ya Lamu

Nguvu ya sanamu za propaganda za Usovieti haikuwa usoni. Ilikuwa kwenye upepo na kwenye kitako, yaani jukwaa linalobeba sanamu. Tazama Mfanyakazi na Mwanamke wa Kolkhoz (shamba la ushirika la Kisovieti), kazi ya mchongaji Vera Mukhina ya maonyesho ya Paris ya 1937: watu wawili wa chuma, kimo cha kama mita 24, nyundo na mundu juu, wamepiga hatua moja ndefu. Uondoe mtandio unaoruka nyuma yao na hatua yenyewe inakufa. Mtandio ndio unaomwaminisha mtazamaji kwamba watu hawa wana kasi na wanakokwenda ni mbele.

Wasanii waliokuja kuzigeuza picha hizo kuwa kejeli walipenda kuanzia kwa mtu. Miaka ya 1980 Leonid Sokov alimkutanisha Lenin na yule mtu mwembamba anayetembea wa mchongaji Giacometti. Alexander Kosolapov akawapanga Lenin, Mickey Mouse na Yesu, wameshikana mikono. Lamu njia hiyo ni nzito. Mafundi wetu wa nakshi huchonga maua, majani na minyororo, na wengi wao hawagusi umbo la binadamu kwa sababu ya dini. Kwangu hilo si kizuizi. Sanamu ya Stalin ya Budapest ilipoangushwa Oktoba 1956, kilichobaki juu ya kitako ni buti zake, na nakala ya buti hizo iliyoko Memento Park, bustani ya sanamu za kikomunisti mjini humo, inasema mengi kuliko Stalin mzima. Basi tengeneza mtandio peke yake, leso inayopepea bila mvaaji.

Kipimo kizuri ni leso ya urefu wa mita 1.2 na upana wa nusu mita, juu ya kitako cha mawe ya tumbawe cha sentimita 50 kwa 50, kimo mita 1.6. Usikipunguze kimo: mtazamaji lazima anyanyue kidevu, maana kitako cha Kisovieti kilifanya kazi hiyo hiyo. Katikati ya kitako acha tundu la kumimina zege la 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto), na humo zishuke nondo tatu za milimita 10, sentimita 60 kwenda chini. Nondo moja haitoshi. Itabeba uzito, ndiyo, lakini upepo utaipinda kama ufunguo kwenye kitasa na simiti itapasuka pale leso inapotokea kwenye jiwe. Zikunje nondo kwa duara pana, si kwa kona kali.

Juu yake funga mbavu za nondo ya milimita 6 kila sentimita 15, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mikunjo ya leso si pambo. Kipande bapa cha simiti cha unene wa sentimita 2.5 kitapata nyufa, lakini ukikipa mikunjo yenye kina cha sentimita 6 hadi 8 kinajishika chenyewe, sawa na bati la mgongo. Chukua leso halisi, iloweshe, ining'inize kwenye kamba siku ya upepo uone mikunjo inakoanzia: yote hutoka penye kushikwa, kisha hupanuka kuelekea pindo. Ukiipanga sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho utapata pazia.

Kisha wavu wa kuku, tabaka mbili kila upande, ufungwe kwa waya hadi usichezecheze. Changanya simiti moja kwa mchanga miwili, maji lita 4 kwa kila kilo 10 za simiti. Utaona ni kavu, ndivyo inavyotakiwa. Ukandamize kwa vidole vilivyovaa glavu mpaka utokee upande wa pili, kwa sababu upenyo uliobaki ndani ndio njia ya chumvi. Leso nzima itakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 35. Funika kwa magunia mabichi siku 7, kivulini.

Kinachoharibu kazi nyingi za pwani ni mchanga. Wa ufukweni una chumvi. Chumvi hukaribisha kutu, na kutu huvimba zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila. Wa vilima vya Shela usiuguse kabisa, vilima hivyo ndivyo vinavyotunza maji ya visima. Agiza wa mtoni, na hakikisha waya wote umefunikwa. Hata ya Mukhina, yenye ngozi ya chuma kisichoshika kutu, ilibomolewa 2003, ikapewa kiunzi kipya na kurudishwa 2009.

Limebaki la mwelekeo, na mageuzi yenyewe yamo humu. Upepo wa Kisovieti ulitii hatua siku zote. Elekeza pindo la leso kusini. Miezi ya kusi, upepo utokao kusini, itapepea kinyume cha upepo wa kweli, na mji wa mabaharia hauhitaji kuelezwa kasoro iko wapi. Kaskazi ikiingia, leso itakuwa inasema kweli mpaka msimu ugeuke.

Mwisho paka chokaa nyepesi mara tatu, kila mkono, yaani kila tabaka, juu ya simiti iliyoloweshwa. Mkono mmoja mzito hubanduka. Baada ya masika kagua pale nondo zinapotoka kwenye kitako. Ukiona doa la rangi ya kutu, chimbua hadi kwenye chuma, kisugue king'ae, ndipo uzibe.