Mwandishi Alipoifuta Sentensi Yake

Nauli ilikuwa imepanda tangu nilipokata shauri la kwenda, na kiti nilichopewa kilikuwa juu ya tairi, magoti yakinikaribia kidevu. Usiku wenyewe siusimulii. Aliyewahi kusafiri hivyo anaujua. Nilikuwa nakwenda kumwona mwandishi ninayemsoma tangu shuleni, mama mtu mzima sasa, asiyependa kutoka kwake. Simlaumu. Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, alichoshwa na ziara za kusainia wasomaji vitabu hadi akabuni mashine, iliyooneshwa hadharani mwaka 2006, ya kusaini vitabu kutoka mbali: yeye anaandika huku, mkono wa mashine unaandika kule. Pale juu ya tairi niliiona ni akili kubwa.

Mlangoni tukaambiwa asiyenunua kitabu hapo hapo hapewi namba ya foleni. Nakala yangu ya zamani, iliyoshikwa na gundi mgongoni, haikuhesabiwa. Nikanunua mpya, kwa bei iliyokaribia nauli, kitabu kile kile ninachokijua kwa moyo.

Alisoma kurasa chache. Miaka yote nilikuwa nimempa sauti nzito, ya taratibu. Kumbe yake ni nyembamba na anasoma mbio mbio. Mahali nilipowahi kulia, yeye alipasoma kwa kucheka, na ukumbi mzima ukacheka naye. Nilikereka, nisiseme uongo. Kwenye maswali bwana mmoja alishika kipaza sauti akahutubia kuhusu riwaya yake mwenyewe ambayo bado haijachapishwa, mpaka mwongozaji akamkatiza: "Swali lako ni lipi, ndugu?" Akajibu kwamba alikuwa analikaribia.

Kwenye foleni kijana wa mchapishaji alitugawia vikaratasi vya kubandika, kila mtu aandike jina lake kwa herufi kubwa ili mwandishi asihangaike kuuliza tahajia. Vitabu vifunguliwe kabisa kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, maana kwenye jalada linaloteleza wino unachafuka kabla haujakauka. Kila mtu kitabu kimoja. Maongezi mafupi.

Kile kipya alikisaini kwa mchoro mmoja usiosomeka. Maneno niliyoyapanga tangu kwenye basi yakanitoka yote kichwani. Nikakisogeza mezani kile cha zamani. Kijana akakohoa.

"Mwache," mama akamwambia, akaanza kukifunua, akisoma nilichokuwa nimeandika pembeni kwa penseli. Akafika pale kaka mkubwa anapomsamehe baba yake ndani ya sentensi moja. Kando yake, kwa mwandiko wa kijana mwenye hasira, palikuwa na maneno: "Uongo! Nani anasamehe haraka hivi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akavua miwani, akaisoma tena sentensi yake.

"Uliandika lini hii?"

"Nikiwa shule, mama."

"Mimi nililigundua hilo uzeeni." Akachukua kalamu, akaikata ile sentensi tangu mwanzo hadi nukta, kisha akaweka herufi za jina lake pembeni, kama karani anayesahihisha hundi. Nyuma yangu watu walishaanza kunung'unika, na kijana akanishika bega kwa adabu ya kufukuza.

Basi la kurudi lilikuwa bovu zaidi, lakini kichwa changu kilikuwa nyumbani. Yale maneno ya penseli niliyaandika kipindi ambacho baba na kaka yangu walikuwa wanapelekeana salamu kupitia kwangu, huku wamekaa sebule moja. Walikuja kupatana, baada ya muda mrefu sana, na samahani haikutamkwa na yeyote. Siku moja baba alikuwa anahangaika kuhamisha kabati, kaka akashika upande wa pili. Basi. Kuanzia hapo wakawa wanaongea.

Kaka ameshaomba nimwazime kitabu. Nitampa kile kipya, ambacho sentensi yake bado ipo.