Namba 74

Ilikuwa 2022. Simu iliita nikiwa nimebanwa ndani ya daladala ya Mbagala, tumekwama Mtongani, maana barabara ya mwendokasi ilikuwa bado inajengwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi mwanangu, deni la jirani yangu linanihusu nini mimi?"

Alikuwa mwalimu mstaafu, mwanachama wa kikoba nilichokitengenezea mfumo wa mikopo. Anwani ya ukurasa wa mkopo wake mtandaoni iliishia na namba 47. Siku hiyo aliichapa anwani hiyo mwenyewe, akiinakili kutoka kwenye daftari, akakosea, akaweka 74. Likafunguka jina la jirani, namba ya simu, na marejesho ya miezi mitatu ambayo hayajalipwa.

Jasho lilinitoka, na si la daladala. Mwaka uliotangulia, orodha ya OWASP, shirika la usalama wa programu, ya hatari za programu za wavuti ilipandisha udhaifu wa aina hii kutoka nafasi ya 5 hadi ya 1. Niliisoma, nikaona inawahusu wengine.

Mfumo wangu uliuliza: umeingia? Ni mwanachama? Haukuuliza kama mkopo huo ni wako. Viungo vya mikopo ya watu nilivificha tu, kama mtu anayefunika sufuria kwa gazeti.

Usiku ule nilibadilisha. Seva isitafute tena mkopo namba 74, itafute mkopo namba 74 wa huyu aliyeingia. Ikiukosa ijibu 404, yaani hakuna kitu hicho. Jibu la 403, yaani huruhusiwi, lingekuwa umbea: upo, ila si wako. Mhazini peke yake nilimwachia aone yote, kwa cheo chake.

Jumamosi nikaenda kikaoni kuomba radhi. Jirani mwenyewe hakuinua macho. Nilipomaliza, mwalimu akanyoosha kidole.

"Na mhazini akikopa yeye, anaidhinisha nani?"

Watu wakacheka. Mimi nilifungua kompyuta pale pale mapajani, kwa sababu nilishakumbuka nilivyoandika: mwenye cheo cha mhazini aidhinishe mkopo wowote. Wowote. Kumzuia mtu kwenye kilicho chake mwenyewe hakukunijia akilini hata kidogo.

Nikatafuta mikopo ambayo mwombaji na mwidhinishaji ni mtu mmoja. Ukatokea mmoja.

"Mimi niliomba, mfumo ukakubali," alisema mhazini, akinitazama mimi.