Siku moja ya mwanasheria wa halmashauri, Kigoma

Saa 12:15 asubuhi. Natoka Ujiji bajaji zikiwa bado hazijajaa. Dagaa wa usiku ndio kwanza wanaanikwa.

Saa 1:30. Masijala wameniwekea mafaili manne mezani. La juu ni notisi ya siku 90. Mzee mmoja anadai shamba lake la michikichi lilichukuliwa ijengwe zahanati ya kijiji, na mpaka leo hajapewa kitu. Sheria inamtaka atoe notisi hiyo kwetu, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kabla ya kwenda mahakamani. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kesi dhidi ya halmashauri hufunguliwa Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kama mmoja wa wadaiwa. Wapo wenzetu wanaoichukulia notisi kama vitisho, wanaifungia kabatini. Mimi nazihesabu siku zile moja moja, maana ndani yake bado tunaweza kukaa na mtu tukayamaliza. Hii ilizungukazunguka kabla ya kunifikia, siku 19 zimeshapita.

Saa 3. Rasimu ya sheria ndogo ya ushuru wa soko nimeirudisha. Haijabandikwa wananchi watoe maoni, kwa hiyo haiwezi kwenda kwa madiwani, seuze kwa Waziri.

Saa 4:30. Akina mama wa kikundi cha sabuni ya mawese wamekuja kusaini mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nikawasomea mkataba kifungu kwa kifungu. Tulipofika kwenye maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", nikasimama.

"Mama zangu, hapa maana yake ni hii: mwenzenu akihama na fungu lake, deni lote linabaki kwenu."

Katibu wao akaweka kalamu chini. Wakatoka nje, wakakaa chini ya mwembe karibu nusu saa, kisha wakaomba wiki moja. Afisa aliyewaleta alitaka yaishe leo. Nikawapa wiki yao. Saini ya mtu asiyejua alichosaini hainisaidii mimi wala halmashauri.

Saa 7 nikapanda gari la idara kwenda kijijini kwa yule mzee.

Saa 8:40. Mtendaji wa kijiji akafungua sanduku la bati. Kaunta buku ya mihutasari ya mwaka shamba lilipochukuliwa imelowa, kurasa zimegandana, tukazibandua taratibu kwa rula. Mkutano mkuu wa kijiji, mahudhurio, ajenda ya tatu: mzee atoe shamba, kijiji kitampa eneo jingine. Saini ya mwenyekiti, muhuri, na chini kabisa alama ya dole gumba la mzee, wino umesambaa kidogo upande mmoja. Nikapekua buku zote zilizofuata. Hilo eneo jingine halikutajwa tena popote.

Mzee mwenyewe akaja anajikongoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wakili wangu?"

Hilo swali huwa linanichoma. Nikamweleza kwamba mimi ni wa halmashauri, siwezi kumsimamia yeye, ila wapo wasaidizi wa kisheria wasiotoza hela, na nikamwelekeza pa kuwapata. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya. Basi andika ulichokiona."

Saa 11 jioni. Ofisi imebaki na mlinzi na mimi. Namwandikia Mkurugenzi dokezo: kumbukumbu zetu wenyewe zinamuunga mkono mdai, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, nashauri tukae naye mezani, na ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, inayosimamia kesi za Serikali mahakamani, ijulishwe mapema. Kuna watakaosema mwanasheria wetu anatutetea nusu nusu. Nimeambatisha picha ya ule ukurasa, dole gumba linaonekana vizuri.

Juu ya jalada nikaandika kwa kalamu nyekundu: zimebaki siku 71.