Mwaka Mpya katika bustani ya Hibiya

Mwaka 2009 ulinikuta Tokyo, nikiwa mwanafunzi, chuo kimefungwa. Wajapani huupokea mwaka mpya kama sisi tunavyoipokea Idi: kila mtu anarudi kwao, na ofisi za serikali hufungwa kuanzia tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari. Mwenzangu wa darasani akaniambia anakwenda kukata mboga katika bustani ya Hibiya, jirani kabisa na wizara inayoshughulikia afya na kazi. Nikafuatana naye.

Vyama vya wafanyakazi na watetezi wa maskini walikuwa wamepiga mahema pale tangu tarehe 31, kwa ajili ya vibarua waliopunguzwa viwandani baada ya msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani. Makoto Yuasa, mmoja wa watetezi hao, ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji hicho cha mahema. Waliopanga foleni ya chakula walikuwa watu wa makamo, wamevaa vizuri, kila mmoja anaburuta begi la magurudumu lenye mali yake yote.

Mmoja wao hakutaka kula bure, akachukua kisu akaanza kumenya figili pamoja nami. Kidole chake gumba kilikuwa na sugu nene, ya kushika mashine ya kukazia nati. Alikuwa akifunga milango ya magari. Nilipomwambia kwamba barabara za Dar es Salaam zimejaa magari ya Kijapani, uso ukamchangamka, akauliza kama milango bado inafunga sawasawa. Nikamjibu inafunga.

Baba yake aliingia kampuni moja akiwa kijana, akastaafu humo humo. Yeye hakuwahi kuajiriwa na kiwanda. Mwajiri wake alikuwa wakala wa kukodisha wafanyakazi, maana tangu 2004 sheria iliruhusu viwanda navyo kuchukua watu wa mawakala. Wakati ule karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Japani walikuwa nje ya ajira ya kudumu. Kibarua kilipoota nyasi, na chumba kikaenda, kwa sababu bweni lilikuwa la wakala. Asiye na anwani hapati kazi, na asiye na kazi hapangishiwi. Mpaka leo naliona hilo kuwa dhuluma, hata kama kila karatasi ilikuwa na mhuri wake.

Jioni akaniomba simu, yake ilikuwa imekatwa. Akampigia mama yake. Nilimsikia akisema kazi zimebana, mwaka huu hataweza kwenda nyumbani, lakini anakula vizuri. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, akainama, akarudi kwenye figili zake.

Watu waliendelea kumiminika hadi wakafika kama 500, mahema yakazidiwa, na baridi ya Januari si ya kulalia nje. Usiku wa tarehe 2 wizara ikakubali kufungua ukumbi wake wa mikutano walale humo. Serikali iliyoruhusu ajira hiyo sasa ilikuwa inawatandikia waathirika wake sakafuni mwake.

Tarehe 5 ofisi zilipofunguliwa, wengi walikwenda kuomba fedha za kujikimu, wakisindikizwa na watu wa kujitolea ili wasirudishwe kwa kukosa anwani. Yule bwana alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amenyoa ndevu.