Kikokotoo sawa, ila we una miezi mingapi?

Wakikaa watu watatu wenye ajira, iwe kantini, kwenye daladala au msibani, stori ya kustaafu ikianza tu haipiti dakika tano kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, kishaingia. Na hasira za watu nazielewa kabisa, sio kelele za bure. Chukua mwalimu mwenye wastani wa mshahara wa milioni moja kwa mwezi, kafanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Kwa hesabu ya PSPF, mfuko wa zamani wa watumishi wa umma (1/540, mara 15.5, na mkupuo, yaani hela unayopewa kwa mara moja, nusu kwa nusu; namba hizi nazieleza mbele) huyu alikuwa anaondoka na milioni 62 mkononi. Ikaja ile ya 2018 ya asilimia 25 watu wakapiga yowe mpaka Magufuli akaisitisha mwezi Desemba mwaka huohuo, halafu Julai 2022 ikaja kanuni moja kwa wote, 1/580, mara 12.5, mkupuo asilimia 33, na mwalimu yuleyule kwa miezi ileile anapata milioni 30 na laki saba hivi. Bajeti ya 2024 wakaipandisha kufika 40 kwa waliokuwa kundi la nusu kwa nusu, ikawa milioni 37 na kitu. Mjomba wangu mwalimu alikuwa ameshapiga hesabu zake zote kwa ile ya zamani, ramani ya nyumba imechorwa, fundi ameshaongea naye, kwahiyo msimwambie kwamba pensheni ya mwezi imekuwa kubwa zaidi, atakuuliza mabati yananunuliwa kwa pensheni ya mwezi?

Haya, hayo ni ya watumishi wa serikali na PSSSF yao, mfuko wao wa pensheni wa sasa. Ninachotaka kusema leo ni kwa sisi wa sekta binafsi, sisi wa mfuko wa NSSF, ambao tunabishana kikokotoo kwa ushabiki tu kama Simba na Yanga wakati hiyo asilimia 50 hatujawahi kuwa nayo. Sisi mkupuo ulikuwa 25, ukaja 33, sasa 35. Mi kazi yangu ni kutengeneza mishahara ofisini, kila mwisho wa mwezi majina ya watu yanapita mbele ya macho yangu, na nikwambie ukweli, kinachowamaliza watu wetu sio asilimia ya mkupuo. Ni miezi uliyochangia.

Angalia hesabu yenyewe inavyokwenda. Wanachukua wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa ile miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho, wanazidisha na idadi ya miezi uliyochangia, wanagawa kwa 580, hiyo ndo pensheni yako kamili ya mwaka kabla hujakatiwa mkupuo. Halafu asilimia 35 yake wanazidisha na 12.5, huo ndo mkupuo, na asilimia 65 inayobaki wanaigawa kwa 12, hiyo ndo ya kila mwezi. Kwa mshahara uleule wa milioni na miezi 360, NSSF utaondoka na milioni 32 na nusu hivi halafu laki nne kila mwezi mpaka unakufa. Sasa weka miezi 180. Mkupuo unashuka mpaka milioni 16 na laki tatu, na ya mwezi inakuwa laki mbili na kidogo. Na hiyo 180 yenyewe, miaka 15, ndo mlango. Ukifika miaka 60 una miezi 175, pensheni ya mwezi hakuna bana, unapewa mkupuo maalum unaenda nyumbani basi. Kuna watu wamefanya kazi maisha yao yote, toka wana miaka 22, ukiwafungulia taarifa yao ya michango unakuta miezi tisini.

Imepotelea wapi? Njia ni nyingi ila mbili ndo kubwa. Ya kwanza ni ile ya mwajiri anayekata hapeleki. Kaka mmoja dereva hapa ofisini alikuja kwangu na simu, amepakua taarifa yake, kuna mwaka na ushee kule alikotoka hamna kitu, sifuri tupu, lakini slipu za mshahara anazo na kila slipu inaonyesha asilimia 10 imekatwa. Kwahiyo amekatwa hela yake, ile 10 ya mwajiri nayo haijaenda, na juu ya hapo miezi haikuhesabiwa, amepigwa mara tatu. Kuna na ujanja mwingine wa kistaarabu zaidi, mshahara wa kwenye mkataba laki nne, nyingine unapewa kwenye bahasha au wanaita posho, na wewe unafurahi kwamba kodi imepungua. Sawa, imepungua, ila ile miaka mitatu bora itakayohesabiwa ni ya laki nne.

Njia ya pili tunaifanya wenyewe. Enzi za fao la kujitoa ilikuwa ukiacha kazi unaenda kuchukua chako chote, unapata kazi nyingine unaanza moja, unaacha tena, unachukua tena. Mtu anaweza akawa amefanya kazi miaka 20 ila mfuko unamjua kwa miaka mitatu. Siku hizi limefungwa, kuna fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita na lazima uwe umechangia angalau miezi 18, na ukiacha kazi mwenyewe halikuhusu. Watu walilia sana na mi sijawahi kuwacheka, kijana wa mkataba wa miezi nane mgodini ukimwambia hela yake ataikuta ana miaka 60 anakuona mwendawazimu, na ukweli mfumo huu ulitengenezwa ukimfikiria mtu anayeajiriwa sehemu moja mpaka anazeeka. Ila ndo huohuo tulionao, na ndani yake kila mwezi ulioufuta una bei.

Na wale mliotoka serikalini mkaja huku au mlioenda kule, miezi yenu ya huko haijafa, sheria inaruhusu vipindi vijumlishwe, ila hakuna mtu atakufuata nyumbani kukujumlishia, uende na vielelezo vyako ukaulize.

Kuangalia siku hizi ni rahisi mno, NSSF wana huduma yao kwenye simu na tovuti ya wanachama, PSSSF wana PSSSF Kiganjani. Angalia kila robo mwaka. Usingoje una 58 ndo uanze kumtafuta mwajiri wa 2009 ambaye kampuni yake ilishakuwa ukumbi wa harusi. Na slipu tunza zote, piga picha jitumie kwenye imeili, maana siku ya kudai hiyo karatasi ndo shahidi wako.

Sasa hata ukiwa msafi, miezi yote ipo, laki nne kwa Dar ni kodi na umeme na dawa za presha, na pensheni haipandi yenyewe kila mwaka pamoja na bei ya sukari. Kwahiyo lazima kuwe na kitu pembeni. Wabongo pembeni yetu ni kiwanja. Unanunua Chanika au Kibaha, unapandisha boma, linakaa miaka nane linaota nyasi, na sina neno, nyumba ya kupangisha ni mpango mzuri ikiisha. Isipoisha umezika hela ambayo ingekuwa inazaa. Mi napenda hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, unaanza na milioni moja, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, zipo mpaka za miaka 25, ile ya 25 ilipoanza ilikuwa inatoa asilimia 15.95 halafu 2022 ikashushwa ikaja 12.56, waliowahi wanachekelea mpaka leo. Kama milioni ni ndefu, UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, wana mifuko unaweka kidogokidogo, na ule wa Ukwasi unatoa hela yako bila kuzungushwa. Mume wangu ana genge, hana mwajiri, yeye anachangia NSSF mwenyewe ya waliojiajiri, inaanzia elfu 30 kwa mwezi, alibishana na mimi muda mrefu kweli anasema hiyo hela bora aongeze mzigo wa viazi.

Kitu ambacho siwezi kukuelewa ni kustaafu leo, mkupuo umeingia Jumatatu, Ijumaa umenunua Coaster. Hujawahi kuendesha biashara ya daladala hata siku moja, hujui dereva analeta hesabu gani, hujui gia boksi ni bei gani, milioni 30 zako zote ziko barabarani Mbagala. Kama unaitaka hiyo Coaster, inunue una miaka 45 ikufunze ukiwa bado una mshahara.

Yule dereva wetu nilimwambia achukue mkataba wa zamani, slipu zote na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, aende ofisi ya NSSF ya eneo alikokuwa anafanyia kazi aandikishe malalamiko, kuna wakaguzi wa waajiri kazi yao ni hiyo. Mkiwa wengi wa kampuni moja nendeni pamoja, mnasikilizwa haraka kuliko mmoja mmoja. Ameshapata wenzake wanne wa kulekule, wanaenda wiki ijayo.