Mbwa wa Usiku wa Fataki

Nilimkuta yule mbwa Pangani, Nairobi, chini ya daraja la barabara ya Thika, yapata saa nne na nusu usiku, wakati fataki za Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, zilipokuwa bado zikilipuka upande wa Parklands na anga la kule likiwaka na kuzimika. Nilikuwa nimetoka kufunga duka la dawa ninamofanya kazi katikati ya jiji, na matatu ya Eastleigh ilikuwa imenishusha mahali pangu pa kila siku. Manyunyu yalikuwa yamepita muda mfupi kabla. Diwali huangukia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, kwa hiyo nje ya mwanga wa taa za barabarani palikuwa na giza zito, na nisingemwona kama gari lililogeuza hapo lisingemmulika: mbwa wa rangi ya kahawia, kifua cheupe, amejibana kwenye nguzo ya daraja, mkia ameufyata, na mwili mzima unamtetemeka.

Kila fataki ilipolia alichomoka kuelekea barabarani, kisha taa za magari zilimrudisha nguzoni. Mara ya tatu lori lilimkosa kidogo sana. Watu wanne au watano tuliokuwa kituoni tulishuhudia, na kwa ukweli wote niseme kwamba hatua yangu ya kwanza ilikuwa ya kwenda nyumbani.

Mimi ni mtu wa pwani. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nikalelewa katika nyumba ambamo mbwa hakufugwa wala hakuguswa, na madhehebu yetu ya Shafii yanasema waziwazi kwamba mbwa mwenye unyevu akikugusa, hapo palipoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hilo nalijua tangu utotoni na sijalikana. Lakini watoto wa mtaani kwetu tuliligeuza kuwa ruhusa ya kuwatupia mbwa mawe kule ufukweni, mpaka siku moja bibi yangu alipotukuta, akatunyang'anya mawe, akatukalisha barazani na kutusimulia hadithi ya mtu aliyekuwa safarini akashikwa na kiu kali. Mtu yule alishuka kisimani akanywa, na alipopanda juu alimkuta mbwa analamba mchanga kwa kiu ileile aliyokuwa nayo yeye. Akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akakiuma kwa meno ili mikono ipate kushika ukuta wa kisima, akamnywesha yule mbwa, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Bibi alimalizia kwa kusema kwamba udongo na maji vimewekwa ili tumsaidie mnyama kisha tujitoharishe, havikuwekwa ili tumkimbie. Nimeishi Nairobi miaka kumi na moja nikiikumbuka hadithi hiyo kama kumbukumbu ya bibi tu. Usiku ule, chini ya daraja, ilinijia kama neno nililokuwa naambiwa mimi.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuogopa, na hiyo inatokana na kazi yangu. Dukani huja watu walioumwa na mbwa wakitaka dawa ya maumivu na bandeji, na kila mara huwa nawaambia jambo lilelile: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili, kisha nenda hospitali leo, si kesho, ukaanze chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mwaka huo hauko mbali. Kwa hiyo sikumkaribia moja kwa moja. Nilisimama kando, nikamtazama kwa makini: hakuwa anapepesuka, mate hayakuwa yanamchuruzika, taya halikuwa limelegea, na alipotazamwa aligeuza uso upande, jinsi mbwa mwenye hofu anavyofanya. Shingoni alikuwa na mkanda wa ngozi wenye kibati kilichong'aa. Mbwa mwenye kibati ana mtu anayemtafuta.

Mama anayekaanga viazi karibu na kituo ndiye aliyenisaidia zaidi, ingawa mwenyewe alikataa kusogea. Alinipa kipande cha soseji na kamba ya katani aliyokuwa amefungia gunia, akaniambia, "Kaa chini, kaka. Ukisimama anakuona mrefu." Niliketi juu ya jiwe, nikampa ubavu, soseji nikaiweka umbali wa mkono, na nikangoja. Nadhani nilikaa hivyo robo saa. Kijana mmoja wa bodaboda alitaka kunisaidia kwa kumzingira kutoka nyuma na nikamsihi asifanye hivyo, kwa sababu mbwa anayezingirwa ama huuma ama hukimbia, na pa kukimbilia palikuwa barabarani tu. Hatimaye alikuja akitambaa kwa tumbo, akala, kisha akauegemeza mgongo wake uliolowa kwenye goti langu. Niliipitisha kamba chini ya mkanda wake polepole. Alinilamba mkono.

Kibati kilikuwa na maneno mawili na nambari ya simu. Neno la kwanza lilikuwa SIMBA, na nilipolitamka masikio yake yalisimama kwa mara ya kwanza tangu nimwone. La pili lilikuwa jina la ukoo, ambalo sitalitaja hapa. Tatizo lilikuwa kwamba tarakimu ya mwisho ya simu ilikuwa imesuguka kwa miaka ya kukwaruzana na sakafu na mageti, na haikujulikana kama ni 3 au ni 8. Sikutaka kumwamsha mtu asiyehusika karibu saa tano usiku, maana simu ya saa hizo katika mji huu humfanya mtu adhani amefiwa. Nikaanza kana kwamba natuma shilingi kumi kwa M-Pesa, kwa sababu jina la mpokeaji huonekana na una sekunde chache za kusimamisha muamala. Nambari yenye 8 ilileta jina lisilohusiana hata kidogo, nikasimamisha. Yenye 3 ilileta jina la ukoo lililo kwenye kibati.

Aliyepokea alikuwa mama mzee, naye hakusema halo. Alisema, "Mmempata?" Alinieleza kwamba wanawe wawili walikuwa nje na gari tangu saa mbili na nusu wakimtafuta kuelekea barabara ya Limuru, kwa kuwa ndiko alikozoea kutembezwa, na kwamba simu zao zilikuwa zimeishiwa chaji kwa kumulikia vichakani kando ya City Park. Geti lilikuwa limeachwa wazi kidogo wageni walipokuwa wakiingia, fataki ya jirani ikalipuka juu ya paa, na Simba akatoka mbio. Kumbe alikuwa ameshika upande wa pili kabisa, akafuata barabara ya Forest, ambayo sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai, akapita makaburini hadi Pangani. Ningekuwa mimi pia nisingemtafuta huku. Watu wengi hudhani mbwa aliyepotea hurudi kwenye njia anazozijua, lakini mbwa aliyetishwa na mlio hachagui njia. Anaupa mlio mgongo na kukimbia mpaka usikike kwa mbali. Tukumbuke kwamba sikio la mwanadamu hukomea kwenye sauti ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, ilhali la mbwa hufika karibu 45,000, kwa hiyo katika fataki yamo makali tusiyoyasikia kabisa.

Yule mama hakuwa na mtu wa kumleta Pangani, na mimi sikutaka kumtoa mzee nyumbani saa zile. Nilimwambia, "Tulia, mama, nitamleta." Kusema ilikuwa rahisi. Madereva wawili wa teksi walikubali kwa simu na kukataa walipofika, mmoja kwa sababu ya manyoya na mwingine kwa sababu aliogopa sana, na sina lawama nao, maana gari ndilo riziki yao. Kutembea kilomita zile kupita makaburini saa tano usiku nilikuona ni kuitafuta shari. Aliyekubali mwishowe alikuwa mzee mmoja mwenye gari kuukuu, ambaye huegesha pale kituoni usiku kucha. Alitandika magunia mawili kwenye kiti cha nyuma, akanitaka niketi hapo na Simba na niishike kamba kwa mikono yote miwili. Njiani aliniambia kwamba amekuwa akiendesha teksi Nairobi tangu kabla ya barabara ya Thika kupanuliwa, na kwamba amewaona mbwa wengi wamelala kwenye lami asubuhi, wengine na mikanda yao shingoni, na hakuna anayesimama kusoma kibati ili mwenyewe ajulishwe aache kungoja. "Kungoja ndiko kubaya," alisema. Sikumjibu, kwa kuwa Simba alikuwa amelaza kichwa pajani mwangu na nilikuwa nayasikia mapigo ya moyo wake yakipungua kasi.

Nyumba ilikuwa katika mojawapo ya zile avenyu za Parklands, na kando ya geti zilipangwa taa ndogo za udongo, nyingi zimezimika, chache bado zinawaka. Askari wa geti alitufungulia kabla hatujapiga honi. Mama mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki hapohapo getini, amejifunga shali, na yaonekana alikuwa ameketi hapo saa nyingi. Nilitarajia mbwa aruke na kubweka. Hakufanya hivyo. Alishuka garini, akamwendea polepole, akaweka kidevu chake juu ya kandambili zake, na yule mama akainama akamfunika kwa shali pamoja na maji yake na tope lake, bila kutamka neno. Askari aligeuka akatazama ukutani. Mimi na mzee wa teksi tulisimama tu.

Baadaye nilimwomba yule mama anionyeshe kadi ya chanjo, naye hakuona vibaya. Aliitoa kwenye droo ya sebule, na muhuri wa daktari wa mifugo ulionyesha kwamba Simba alichanjwa dhidi ya kichaa mwaka huohuo. Niliukagua mkono wangu chini ya taa ya veranda na sikuona mchubuko wowote. Kulambwa kwenye ngozi nzima hakuna hatari hiyo, lakini mate kwenye kidonda au mkwaruzo huhesabiwa sawa na kuumwa, nami nisingependa msomaji aliyenifuata hadi hapa amwokote mbwa kesho bila kulijua hilo. Nilimweleza mama pia kwamba kibati kipya hugharimu kidogo mno kulinganisha na usiku kama ule, na kwamba wapo madaktari wa mifugo wanaoweka chini ya ngozi ya mbwa kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye nambari ya tarakimu 15 inayosomwa kwa mashine na isiyosuguka. Kama kusingekuwa na kibati, ningelazimika kumlaza Simba kwa askari wa ploti yetu, na asubuhi kumpeleka mtaa wa Karen, kwenye chama cha kuwatunza wanyama ambacho kimekuwapo Kenya tangu 1910. Na wana wa yule mama wangeendelea kumwita vichakani upande usio wake.

Yule mama alitaka kunipa pesa. Nilikubali alipe teksi tu, na alipoona sitachukua zaidi aliniwekea vitamutamu kwenye sahani ya karatasi, akaifunika, akasema, "Chukua, mwanangu, leo ni sikukuu." Wanawe walifika tukiwa tunageuza gari. Mdogo wao alishuka kabla gari halijasimama.

Nilifika nyumbani saa saba kasoro. Tunaishi ghorofa ya tatu, na udongo pekee uliomo ndani ni ule wa chungu cha mshubiri kilichopo dirishani, ambao mke wangu alitoka nao Mombasa. Nilimwamsha nikamwomba ruhusa. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka mwenyewe, akachota kiganja kimoja cha udongo akautia kwenye beseni la maji, akanimiminia mkononi na gotini. Kisha akamimina maji matupu mara sita, akizihesabu kwa sauti ya chini ili tusiwaamshe watoto.